Dawa Inayotazama Nyuma

Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya Ghuba ya Meksiko tarehe 29 Agosti 2005, maelfu ya mbwa walikwama katika nyumba zilizojaa maji huko New Orleans na miji ya jirani. Waokoaji waliwafuata kwa mashua, wakawapakia kwenye malori na ndege, na haukupita muda wanyama hao wakawa wametapakaa katika vituo vya kuhifadhi wanyama karibu Marekani nzima. Watafiti walipopima damu za mamia kati yao, karibu nusu ya mbwa walikutwa na mnyoo wa moyo.

Ni rahisi kudhani mafuriko ndiyo yaliyouleta ugonjwa, maana maji yaliyotuama huzaa mbu. Hesabu ya miezi inakataa. Tangu mbu aume hadi kipimo kiweze kumwona mnyoo, hupita takriban nusu mwaka. Mbwa aliyepimwa mwezi Oktoba akakutwa na mnyoo alikuwa ameshaumwa zamani, kabla bahari haijafika mlangoni kwake, pengine katika majira ya joto ya mwaka uliotangulia au wa kabla ya huo. Na wengi wao hawakuwa mbwa koko. Walikuwa na majina, na watu waliowalilia.

Ndiyo maana siuoni ugonjwa huu kuwa hasa habari ya mbu. Mbu wa Louisiana hachagui. Humuuma mbwa wa hakimu na mbwa wa jalalani usiku huo huo. Kinachowatenga mbwa hao wawili ni kidonge kimoja kwa mwezi, na kidonge hicho kina tabia moja inayoamua karibu kila kitu kinachofuata: hakina uwezo wowote juu ya mbu wa kesho. Kinawaua minyoo wachanga walioingia mwezi uliopita, basi. Anayekisahau kwa muda hawezi kurudi nyuma kukitumia, na mara nyingi anayekuja kuulipia usahaulifu huo ni kituo cha kuhifadhi wanyama, ambacho hakikuwepo mbu alipouma.

Mnyoo mwenyewe anaitwa Dirofilaria immitis. Jina hilo lilitokana na kazi ya Joseph Leidy, mwanasayansi wa Philadelphia, aliyemweleza mwaka 1856. Jike aliyekomaa ana urefu wa sentimita 25 hadi 30, mweupe na mwembamba kama uzi wa tambi. Dume ni mfupi zaidi. Makao yao ni ateri zinazopeleka damu mapafuni. Wakizidi, hufurika hadi upande wa kulia wa moyo. Mnyoo mmoja aweza kuishi miaka mitano hadi saba, muda ambao kwa mbwa ni nusu ya maisha.

Jike huzaa vijinyoo wadogo mno wasioonekana kwa macho, wanaoelea katika damu wakisubiri mbu. Hawawezi kukua bila kupitia kwake. Ndani ya mwili wa mbu hujibadilisha mara mbili, kwa siku 10 hadi 14 hivi kama hali ya hewa ni ya joto la nyuzi 27 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya nyuzi 14, ukuaji husimama. Mbu huyo akija kuuma tena, lava waliokomaa hudondoka juu ya ngozi ndani ya kitone kidogo, wakajipenyeza kwa tundu lile lile la mbu. Kisha huanza safari ndefu chini ya ngozi na katika misuli. Baada ya miezi miwili na zaidi wachanga hao huanza kufika kwenye ateri za mapafu, na miezi sita au saba baada ya siku ile ya kuumwa, majike huanza kuzaa. Zaidi ya spishi 70 za mbu zimetajwa kuwa zinaweza kuifanya kazi hii, hivyo wazo la kumaliza ugonjwa kwa kumwinda mbu fulani halina pa kuanzia.

Kuna jambo la kiutendaji linalofuata hapo, na wafanyakazi wa vituo hulazimika kulirudia kwa kila mgeni: mbwa mwenye mnyoo hamwambukizi jirani yake wa kizimba kwa mate, kwa bakuli la maji wala kwa kinyesi. Hata ukimtia mbwa mzima damu ya mbwa mgonjwa, vijinyoo walio ndani ya damu hiyo hawatageuka kuwa minyoo wakubwa, kwa sababu hawajapita kwa mbu. Hatari ya kizimba iko kwenye dirisha lisilo na wavu.

Dalili zenyewe huchelewa. Kikohozi kikavu, kuchoka upesi, kukonda, hatimaye tumbo kujaa maji. Minyoo wakijikusanya moyoni na kuziba njia ya damu, mbwa huanguka ghafla na mkojo wake hugeuka rangi ya kahawa. Hapo daktari hupasua shingoni na kuwavuta minyoo mmoja mmoja kwa koleo refu kupitia mshipa mkubwa wa damu, kazi ambayo hata ikifanywa vizuri mbwa wengi hawaimalizi wakiwa hai. Lakini mbwa wa namna hiyo ni wachache. Mbwa wengi wenye mnyoo wanaoingia kituoni hurukaruka, hula, hutikisa mkia. Mgeni anayetafuta mbwa wa kufuga humwona mnyama mzima kabisa, kisha anasoma karatasi iliyobandikwa kwenye kizimba na kuhamia kizimba cha pili.

Paka nao huumwa na mbu hao hao, ingawa minyoo huwa wachache na ugonjwa hufanana na pumu. Kwao hakuna dawa salama ya kuwaua minyoo wakubwa. Binadamu huambukizwa mara chache sana, na mnyoo hufia mapafuni akaacha kidonda cha mviringo ambacho kwenye picha ya eksirei hufanana na saratani. Wapo watu waliopasuliwa kifua kwa sababu hiyo. Hayo yote ni pembeni; mwenyeji wa kweli ni mbwa.

Sasa turudi kwenye kidonge. Dawa iliyofungua njia ni ivermektini, na historia yake Waafrika wa Mashariki tunapaswa kuijua, maana imepita matumboni mwetu. Satoshi Ōmura wa Japani aliokota udongo huko Kawana, karibu na uwanja wa gofu. Bakteria walioko katika udongo huo wakapelekwa Marekani kwa William Campbell na wenzake katika kampuni ya Merck, nao wakatoa dawa iliyoingia sokoni mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo. Mwaka 1987 mambo mawili yalitokea pamoja: kidonge cha mbwa cha kuzuia mnyoo wa moyo kiliidhinishwa Marekani, na Merck ikatangaza kutoa dawa hiyo bure kwa binadamu wenye usubi, ugonjwa unaopofusha watu kando ya mito ya Afrika. Ōmura na Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kipimo cha mbwa ni kidogo kupita kiasi: mikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa wa usubi hupewa mikrogramu 150 kwa kilo, mara 25 ya hiyo. Kiasi hicho kidogo kinatosha kwa sababu hakilengi mnyoo mkubwa; kinamlenga lava mchanga ambaye bado yuko njiani chini ya ngozi. Akishatimiza kama miezi miwili, kidonge kile kile humgonga bila kumwangusha. Anayemeza Julai amewaua walioingia Juni. Anayeruka Julai na Agosti, akakumbuka Septemba, tayari ana minyoo wa Juni ambao dawa haiwafikii vizuri, na hatajua hadi kipimo cha mwaka unaofuata. Dawa nyingine za ukoo huo, kama milbemaisini, selamektini na moksidektini, zina tabia hiyo hiyo, isipokuwa moksidektini ya sindano ambayo hukaa mwilini kwa miezi.

Linganisha na kingatiba ya matende na mabusha. Mnyoo wa matende, Wuchereria bancrofti, ni wa ukoo mmoja na mnyoo wa moyo wa mbwa, naye pia huenezwa na mbu. Tanzania ilipoanza kugawa ivermektini pamoja na albendazoli kisiwani Mafia mwaka 2000, na Unguja na Pemba zilipofuata mwaka 2001, nia haikuwa kumponya kila aliyemeza. Minyoo wakubwa waliachwa wafe kwa uzee wao. Lengo lilikuwa kuwafagia vijinyoo kutoka damu za watu wote, wazima na wagonjwa, mara moja kwa mwaka, hadi mbu asipate cha kubeba. Mtu alimeza kwa ajili ya kijiji chake.

Kidonge cha mbwa wa Marekani kinakwenda kinyume cha hapo. Kinamezwa na mbwa ambaye mfugaji wake ana daktari, ana kadi ya benki na ana kalenda jikoni, yaani mbwa ambaye tangu mwanzo hana vijinyoo wa kumpa mbu. Kinamkinga yeye. Mbwa wa jirani aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, mbwa koko wa kando ya mto, na koyote, yule jamaa wa mbweha wa Marekani, wote wanaendelea kuwalisha mbu vijinyoo bila kukoma. Kwa miongo kadhaa sasa Wamarekani wamenunua mamilioni ya vidonge vinavyofanya kazi karibu bila kasoro kwa anayevimeza, na bado Chama cha Mnyoo wa Moyo cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1974, kinakadiria kuwa zaidi ya mbwa milioni moja nchini humo wana mnyoo. Kila miaka mitatu chama hicho huchora ramani, na kila mara wino mzito huangukia Mississippi, Louisiana, Arkansas, Alabama na Texas. Ni majimbo ya joto na vinamasi, kweli. Mengi yao ni miongoni mwa majimbo maskini zaidi ya Marekani pia, na sioni kwa nini sababu hiyo ya pili itajwe kwa sauti ndogo.

Kwa kawaida kinga hugharimu dola kumi hadi ishirini kwa mwezi. Tiba hupita dola elfu moja kwa urahisi. Mtu akisikia hesabu hiyo husema mwenye mbwa ni mjinga asiyejua kupanga. Lakini dola kumi na tano za kila mwezi zinataka kwanza ada ya daktari, kipimo cha damu na cheti, kwa sababu sheria ya Marekani hairuhusu kidonge hicho kuuzwa bila agizo la daktari wa mifugo. Sababu ya sheria hiyo ina maana: mbwa mwenye vijinyoo wengi akipewa dawa bila kupimwa, vijinyoo hao wakifa kwa mkupuo wanaweza kumtia mshtuko. Matokeo yake katika wilaya isiyo na daktari hata mmoja wa wanyama wadogo ni mlango uliofungwa.

Wengine hupita dirishani. Vijijini kusini mwa Marekani, kama ilivyo kwenye maduka yetu ya dawa za mifugo kutoka Kitale hadi Mbeya, ivermektini ya ng'ombe ya asilimia moja huuzwa bila maswali. Tufanye hesabu. Mililita moja ina miligramu 10. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 0.12, yaani mililita 0.012, ambayo ni kama robo ya tone. Bomba la kawaida la sindano la dukani haliwezi kupima vizuri robo ya tone. Anayekisia hukosea kwa mara kumi au ishirini. Mbwa wengi huvumilia, lakini mbwa wa jamii ya collie na baadhi ya ndugu zake wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa ikizidishwa iingie ubongoni, wakaanza kuyumba, kutetemeka, kupoteza fahamu na hata kufa.

Mbwa akifika kituoni, kipimo huchukua dakika kama kumi. Matone machache ya damu au plazma kwenye kibao, na mstari ukitokea maana yake kuna protini ya mnyoo jike aliyekomaa. Kipimo hiki ni kizuri, na vituo hukiamini kupita kiasi. Hakiwaoni madume peke yao. Hakiwaoni minyoo wa miezi mitatu. Na kuna mbwa ambao kinga yao ya mwili imeifunga ile protini kiasi kwamba haionekani hadi damu ichemshwe kidogo. Mbwa aliyepimwa leo akatoka safi anapaswa kupimwa tena baada ya miezi sita, ila miezi sita ni muda mrefu kuliko mbwa wengi wanavyokaa kituoni. Akipimwa Septemba, anaondoka na cheti kinachosema kweli kuhusu mwezi wa Machi na kimya kuhusu majira ya joto yaliyompitia hivi karibuni.

Kwa mbwa aliyekutwa na mnyoo, kwa miaka mingi vituo vilivyojaa vilikuwa na jibu moja la haraka, sindano ya kifo. Leo jibu hilo limepungua, na mahali pake pameingia mabishano.

Tiba rasmi ni melarsomini, dawa yenye aseniki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Waswahili wa bara wana sababu ya kuutambua ukoo wake. Melarsoproli, iliyotengenezwa na Ernst Friedheim mwishoni mwa miaka ya 1940, ndiyo iliyokuwa ikiwatibu wagonjwa wa malale waliofikia hatua ya ubongo, nayo ikiua takriban mmoja kati ya ishirini iliowatibu. Melarsomini ni mdogo wake, na hiyo hiyo, kwa jina la Cymelarsan, hudungwa ngamia wenye surra, ugonjwa wa ukoo wa malale, kwa kipimo ambacho ni sehemu ya kumi ya kile anachopewa mbwa. Dawa ya aseniki ya mbwa iliyotangulia ilitakiwa kuingia mshipani bila tone kumwagika nje, na ikimwagika nyama huoza. Melarsomini huchomwa ndani ya misuli ya kiuno. Humuuma mbwa kwa siku kadhaa, lakini ni salama zaidi.

Ratiba inayopendekezwa na chama ni ndefu. Siku ya kwanza mbwa huanza kinga ya kila mwezi na doksisaiklini kwa wiki nne. Hungojewa mwezi mwingine. Siku ya 60 anapata sindano ya kwanza, siku ya 90 ya pili, siku ya 91 ya tatu. Kwa njia hii minyoo 98 kati ya 100 hufa, wakati ratiba fupi ya sindano mbili huua kama 90. Doksisaiklini, ambayo binadamu huitumia kwa magonjwa mengine mengi, haimgusi mnyoo moja kwa moja. Inaua bakteria wanaoitwa Wolbachia ambao huishi ndani ya mnyoo na bila hao mnyoo hudhoofu. Mnyoo wa usubi na wa matende nao wanawabeba bakteria hao hao, na watafiti wa magonjwa ya binadamu wamekuwa wakiitumia njia hiyo hiyo.

Kinachoua mbwa wakati wa tiba mara nyingi ni mizoga ya minyoo. Mnyoo wa sentimita 30 akifa ndani ya ateri hana pa kwenda. Hukatika vipande, navyo husukumwa na damu hadi mishipa midogo ya mapafu na kuiziba. Mbwa akikimbia, moyo ukidunda kwa nguvu, vipande husukumwa mbali zaidi. Kwa hiyo mbwa lazima atulizwe tangu anapogunduliwa hadi wiki sita au nane baada ya sindano ya mwisho. Hakuna kukimbia, hakuna kucheza na mpira, matembezi ni ya kamba fupi kwenda kukojoa.

Hapo ndipo tiba inapogongana na kituo. Kizimba cha kituo si mahali pa utulivu. Mbwa mmoja akibweka wote huitikia, kila mgeni anayepita huwainua wote. Halafu kuna nafasi yenyewe. Mbwa anayetibiwa hushika kizimba kwa miezi mitano. Mbwa wazima wangapi wangepita katika kizimba hicho kwa muda huo, na wangapi kati yao watauawa kwa kukosa pa kuwekwa? Mkuu wa kituo hapimi dola za melarsomini tu. Anapima siku za kizimba. Vituo vilivyofanikiwa kusini mwa Marekani vimefanya hivyo kwa kuwapeleka wagonjwa kwa walezi wa muda, mtu mwenye sebule tulivu anayekubali kukaa na mbwa asiye wake kwa miezi kadhaa huku kituo kikibeba gharama ya dawa. Bila walezi, ratiba ya siku 91 hubaki kwenye karatasi.

Mwaka 2011 melarsomini iliadimika nchini Marekani, na uhaba huo ukaipa nguvu njia nyingine iliyokuwa ikitumika kimyakimya, yaani kuua polepole: kidonge cha kila mwezi pamoja na doksisaiklini, bila aseniki, na kuwasubiri minyoo wachakae. Kwa ivermektini pekee kusubiri huko kwaweza kupita miaka miwili. Moksidektini na doksisaiklini hufupisha muda, mara nyingi hadi mwaka mmoja hivi. Wataalamu wa chama wanaikataa njia hii kama kuna uwezekano wa melarsomini, wakisema kwamba mnyoo anayekufa polepole anaendelea kuharibu mapafu polepole, na kwamba mbwa angepaswa kutulizwa muda wote huo, jambo ambalo hakuna mfugaji atakayelifanya. Wana haki katika hayo. Bado kituo chenye fedha za kumtibu mmoja kati ya kumi kikiambiwa njia bora ni moja tu, kinachoambiwa kwa hakika ni kwamba kiwaache tisa. Nadhani madaktari wa vituo waliochagua njia ya polepole kwa macho makavu wametenda sawa, ilimradi wanamwambia anayemchukua mbwa kila kitu, na wanaanza na doksisaiklini, kwa sababu vijinyoo wa mbwa aliyemeza doksisaiklini hata wakinyonywa na mbu hawakui vizuri tena ndani ya mbwa mwingine.

Hoja nzito zaidi dhidi ya njia ya polepole ni usugu. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii madaktari wa bonde la chini la mto Mississippi walileta malalamiko ya mbwa waliopewa kidonge kila mwezi na bado wakapata mnyoo. Kwanza waliambiwa wateja wao wanadanganya, na bila shaka wengine walidanganya. Lakini mwaka 2014 watafiti walithibitisha katika maabara kwamba baadhi ya minyoo kutoka eneo hilo huingia na kukomaa ndani ya mbwa waliopewa dawa ipasavyo. Kumweka mbwa mwenye maelfu ya vijinyoo kwenye dozi ndogo ya dawa hiyo hiyo mwezi baada ya mwezi ni kuwachuja wasiokufa na kuwakabidhi kwa mbu. Siwezi kusema vituo ndivyo vilivyozaa usugu; mbwa wa kufugwa waliotumia kidonge ovyo ni wengi zaidi. Ila hatari yenyewe ni ya kweli.

Na hatari hiyo husafiri. Baada ya Katrina, kuhamisha mbwa kutoka vituo vya kusini kwenda kaskazini kuligeuka kutoka uokoaji wa dharura hadi biashara ya kila wiki ya wema: kusini kuna watoto wa mbwa wengi kupita kiasi, kaskazini kuna watu wanaosubiri mbwa. Jimbo la Colorado peke yake lilipokea zaidi ya mbwa laki moja kati ya 2014 na 2017, na katika kipindi hicho vipimo vya mnyoo wa moyo vilivyotoa jibu la ndiyo viliongezeka jimboni humo. Miji mikubwa ina lami na zege zinazohifadhi joto usiku, kwa hiyo baridi ya jiji la Denver jimboni humo haimzuii mbu kama zamani. Sioni busara ya kufunga barabara. Kwa mbwa wengi lori hilo ndilo tofauti kati ya kuishi na kufa. Busara iko katika kupima kabla ya kupakia, kuanza doksisaiklini na kinga, na kumpaka mbwa dawa ya kufukuza mbu kabla hajavuka mpaka wa jimbo. Miongozo ya kufanya hivyo ipo. Vituo vingi huifuata, vingine hupakia kwanza.

Kwetu pwani, minyoo wa ukoo huu ndani ya mbwa si wageni. Mwaka 1958 wanasayansi walitangaza mnyoo mpya waliyemkuta katika mitoki ya mbwa, paka na kanu wa kisiwa cha Pate, Kenya, na leo anaitwa Brugia patei kwa heshima ya kisiwa hicho. Walimkuta kwa sababu walikuwa wakitafuta minyoo ya matende na wakataka kujua kama wanyama wanachangia. Wangekuwa wanatafuta afya ya mbwa, sidhani kama fedha za safari zingepatikana. Mbwa wetu wa ulinzi nao wana adui wao mwingine, mbung'o, ambaye huwapa ndorobo hadi macho yakageuka ya buluu kwa ukungu. Huyo pia huchunguzwa zaidi pale inapohofiwa malale ya watu.

Mtindo huo ni wa dunia nzima. Nchini Brazil, ambako mbwa hubeba leishmania inayoenezwa na kijidudu mfano wa inzi mdogo na inayoua watoto, serikali ilitia mkono wake mapema, kwanza kwa kuwaua mbwa waliopimwa wakakutwa nayo, kwa miongo kadhaa na kwa mafanikio haba, kisha kwa kuingiza katika mpango wake kola zenye deltamethrini za kuwafukuza wadudu. Kichaa cha mbwa vivyo hivyo: katika sehemu nyingi chanjo ya mbwa hulipiwa au hupunguziwa bei na umma kwa sababu asiyechanja anamhatarisha mtoto wa jirani. Mnyoo wa moyo humuua mbwa na karibu hakuna mwingine, hivyo umeachiwa mfuko wa mwenye mbwa, na mfuko huo ukitoboka, michango ya wasamaria.

Tangu 2019 Marekani ina sindano ya moksidektini inayokinga kwa miezi 12. Inalingana na ratiba ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo majimbo mengi yanailazimisha na kaunti nyingi hutoa kwa bei nafuu kwenye maegesho ya magari siku ya Jumamosi, foleni ya mbwa na kamba zao. Ingewezekana mbwa yule yule, dakika zile zile, apimwe kwa tone la damu na kudungwa sindano ya pili. Kalenda ya jikoni isingehitajika tena. Kinachokosekana ni mlipaji wa kipimo na sindano hiyo, na daktari wa kuisimamia, kwa kuwa daktari anayechanja kwenye maegesho mara nyingi yuko hapo kwa saa nne na ana mbwa mia mbili mbele yake.